Mkono wa Delmar

Nilibaki mimi na kipa tu. Nikausimamisha mpira, nikainua mkono kumwonyesha refa kwamba nimeotea.

Ukumbi mzima wa soka la ndani hapa Wichita, Marekani, ukaangua kicheko. Shabiki mmoja akagonga kioo kilicho juu ya ukuta wa uwanja: "Delmar, kiangazi kimeisha, mwanangu!"

"Humu ndani kuna kuotea tangu lini?" kocha akafoka kutoka benchi.

Hakuna. Nina miaka tisa kwenye kazi hii, kiangazi nje kwenye nyasi, majira ya baridi humu ndani, tumezungukwa na ukuta wa mbao. Humu hakuna hata mshika kibendera. Lakini macho yangu yalikuwa yanamtafuta.

Kipa wao akaudaka mpira miguuni pangu, akacheka. Kisha akaniangalia vizuri.

"Kaka, ulivyobamiza kichwa ukutani sasa hivi, hukuumia?"

"Ukuta gani?"

Kicheko kikamkatika. Nikagusa nyuma ya sikio. Palikuwa na nundu kubwa kama yai, ya moto, na sikukumbuka ilitoka wapi.

"Delmar! Unatoka au unaendelea?" kocha akapaza sauti.

Mkataba wangu unaisha Machi.

"Naendelea!" nikajibu, nikaanza kukimbia, nikiomba Mungu mwenzangu yeyote atangulie, nijue goli letu ni lipi.