Kovu la Mvule

Mzee wa Kichina, mwenye kiwanda cha samani, aliingia bila miadi ofisini kwa Dalila, muuza mbao kutoka Muheza, pale mtaa wa Xiaobei, Guangzhou. Akaweka kadi yake mezani, akaonyesha picha ukutani: mvule mkubwa wenye kovu la shoka.

“Niuzie huu, na mbao zote za kiwanda changu nitanunua kwako.”

Mteja kama huyo Dalila alikuwa akimtafuta tangu afike Guangzhou.

Aligusa lile kovu. Babu wa babu yake, mpasua mbao aliyefyeka msitu wa Muheza kabla ya Wajerumani, alipiga shoka moja tu, akasikia mwanawe wa kwanza amezaliwa. Akauacha mti, akauita ndugu wa mtoto huyo, akawaapisha wazawa wake wasiuangushe.

“Meiyou, hakuna, bosi. Huyu hauzwi. Ni ndugu yetu.”

“Mti tu huo, rafiki!”

“Ndiye mkubwa wetu sote.”

Mzee akachukua kadi yake.