Kipimo cha Nne

"Umechomeka ovyo tena," Dokta alisema bila kugeuza shingo. "Rudi ukapime upya."

Fundi alisimama mlangoni pa maabara na toroli lake la antena, jasho likimtiririka. Mara tatu sasa alikuwa amevuka barabara, akashusha toroli ngazi kwa ngazi hadi kwenye vyumba vya upasuaji vya hospitali, vilivyo chini ya ardhi, akapima jinsi mawimbi ya redio yanavyofika kule. Mara tatu Dokta alikuwa ametazama vipimo, akabetua midomo, akavifuta.

Havikulingana na hesabu yake. Na hesabu ya Dokta haikosei. Dokta mwenyewe alikuwa akilisema hilo kila asubuhi. Ilitabiri kwamba antena nane zikituma na nane zikipokea, mawimbi yatagonga kuta na dari, yatafika kwa njia nyingi mbalimbali, na wauguzi watapiga simu kule chini kama wako uwanjani. Saa nane mchana huo mkurugenzi angekuja kuona kama hesabu na vipimo vinakubaliana. Vikikubaliana, antena zingefungwa kule hospitalini na Dokta angekuwa mkuu wa maabara. Visipokubaliana, kiti kingekwenda kwa mwingine.

"Dokta," fundi alisema, "kule chini njia ni moja tu, nyembamba, na ukuta wote zege. Mawimbi yanabanana pale pale mlangoni. Antena nane zinakuwa kama moja."

Hapo Dokta aligeuka. Fundi alikuwa na umri wa kumzaa, lakini hilo halikumpunguzia ukali. "Tangu lini msukuma toroli akanifundisha mimi mawimbi? Umesoma mpaka wapi wewe?"

Fundi alijifuta jasho kwa kiwiko.

"Hospitali naijua kuliko unavyoijua." Dokta alilipiga kofi sanduku la kijivu lililokuwa mezani. Humo alikuwa ameijaza hesabu yake yote. Ukichomeka chombo cha kupokea nyuma yake, chombo hupata mawimbi vile vile Dokta anavyosema yalivyo kule chini. Alilipenda sanduku lile kuliko ndugu zake wa tumbo moja, na fundi alikatazwa hata kulipangusa vumbi. "Nataka vipimo vinavyolingana, si hadithi za milango. Saa saba na nusu viwe hapa."

Akaenda kula. Alikula taratibu, akiwasimulia wenzake taabu ya msomi anayefanya kazi na mbumbumbu. Wenzake walikwishazoea, wakaendelea kutafuna.

Aliporudi, alimkuta fundi ameketi kwenye kigoda chake pembeni, mkavu, mikono mapajani. Vipimo vilikuwa mezani. Dokta aliviweka juu ya hesabu yake, mstari juu ya mstari, vikafuatana kama mtu na kivuli chake.

"Kumbe mjinga naye huerevuka!" akasema, akacheka peke yake. Hata sanduku liling'aa, halina chembe ya vumbi. Aliliona, akataka kugomba, kisha akaona siku njema kama ile amsamehe fundi.

Saa nane mkurugenzi aliingia, mama wa makamo mwenye miwani mizito. Alizitazama karatasi kwa muda mrefu, akazigeuza, akazirudia.

"Miaka ishirini naona vipimo," alisema. "Vilivyonyooka hivi sijapata kuviona. Hongera, Dokta."

"Hesabu ikiwa sahihi, mama, dunia haina budi kutii."

Mkurugenzi alichomoa kalamu. Kabla ya kuweka saini akamgeukia fundi. "Hongera na wewe, mzee wangu. Lazima ulipata pahali pazuri sana. Toroli ulilisimamisha wapi?"

"Huyo mwache, mama," Dokta alidakia. "Yeye anasukuma tu."

Fundi aliinuka, akaunyoosha mgongo wake.

"Mara tatu za kwanza nilisimama mlangoni pa vyumba vya upasuaji, mama. Zile Dokta amezifuta," alisema. "Hii ya nne sikutoka humu ndani. Nilichomeka nyuma ya sanduku lake, nikalipangusa na vumbi."