Mkate Uliofichwa

Kwa kuvumilia njaa hakuna aniwezaye, mradi niwe nimeshakula.

Jirani yangu Prudensia alinipeleka mjini Missouri City, kwenye Pasaka ya Wayahudi wanaokaribisha kila mtu. Nyimbo zikarefuka, chakula hakijaletwa. Chini ya mto wa kiti nikapapasa kipande cha mkate mkavu, nikakila.

Mlo ulipoisha, watoto wakaanza kukitafuta. Kumbe rabi ndiye aliyekificha, na wasipokigawana wote, ibada haifungwi. Binti mdogo akaanza kulia. Nikainama kumsaidia kutafuta.

"Mama, hujakiona?" Prudensia akaniuliza.

"Kwa macho haya? Sijakiona, mwanangu."

"Basi aliyekila pole yake. Kilipakwa pilipili."

"Pilipili gani? Hakikuwa hata na chumvi!"