Matanga ya Kiwandani

Jumatatu, tarehe tatu Machi, saa tatu asubuhi, madirisha ya kiwanda cha unga cha Nyegere yalifunguliwa. Kabla ya hapo yalikuwa yamepigiliwa misumari, unga usije ukapeperuka bure. Vumbi la unga huo ndilo lililomkohoza mpakiaji Kanga mpaka akafa. Mjane wake, Bi Kanga, alichekecha unga humo humo, naye alikuwa ameshaanza kukohoa.

Aliomba ruhusa akae matanga nyumbani.

"Bibi, mumeo keshazikwa," alijibu Nyegere. "Anayetaka kukupa pole akufuate hapa hapa kwenye chekeche."

Basi wakamfuata. Korongo watano, majirani zake, waliingia kwa mwendo wa taratibu, vichwa chini, kimya.

Nyegere, aliyeogopa wakaguzi kuliko simba, aliruka kitini. "Wazee wangu, kuna nini?"

"Tumekuja kwa ajili ya marehemu Kanga," alisema mkubwa wao. "Tungependa kusikia alikufaje."

Nyegere hakungoja zaidi. Aling'oa misumari kwa meno, akagawa vitambaa vya kuziba pua, akaagiza na maziwa. Korongo walinong'onezana kwamba hawajapata kuona tajiri mwenye huruma namna ile.

"Na mtarudi lini, wazee wangu?" aliuliza, jasho likimtoka.

Bi Kanga alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu aajiriwe, akawajibia: "Kila Jumatatu, bwana, mpaka shughuli ya marehemu iishe."

Matanga hayo hayajaanuliwa mpaka leo. Mola amrehemu Kanga, ampanulie kaburi lake, na amletee humo upepo mwanana. Amina.