Sentensi ya Tano

Aliandika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu vidole vya kulia mumewe alivibana na mlango jana asubuhi, kisa chai imepoa.

Somo la kumi na moja la Kiingereza kwa njia ya posta lilihusu "give up". Karatasi ilieleza maana zake: kuacha, kukata tamaa, kusalimu amri. Chini yake: tunga sentensi tano za Kiingereza zinazohusu maisha yako.

Mambo ya kutungia alikuwa nayo tele. *Hakuacha kunipiga hata jirani alipogonga ukuta. Alinikaba koo mpaka nikasalimu amri.* Ya tano aliiandika taratibu: *Nimemkatia tamaa mume wangu. Je, nimwache?*

Mama yake alishamwambia avumilie. Wifi alisema ndoa ndivyo zilivyo. Alibakiza mtu mmoja tu wa kumuuliza, msahihishaji wa masomo, ambaye kwake yeye alikuwa mwanafunzi nambari 212, basi. Alibandika bahasha akaiwahisha posta.

Mumewe alirudi mchana kutoka kazini, kazi ambayo hakuwahi kumwambia mkewe ni ipi, akanawa wino mwekundu vidoleni, akaketi kula.

"Mbona unanuka gundi?"

Sahani ilimpasukia mkewe usoni. Damu ikamwingia jichoni.

"Mwanamke umeishia darasa la nne, una siri gani wewe?"

Alifuta sakafu. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, lakini katika nyumba ya vyumba viwili utampishia wapi?

Wiki iliyofuata bahasha ilirudi kwenye sanduku la posta la shangazi yake. Alama nane kwa kumi. Kwenye sentensi ya tano msahihishaji alikuwa amechomeka "on" baada ya "give up" kwa wino mwekundu, maana anayekatiwa tamaa ni mtu. Kisha chini akaandika: "Dada yangu, hii si sentensi ya mfano. Anayekupiga hivi si mume, ni mnyama. Fungasha leo, na asikuzuie mtu."

Aliisoma mara tatu, akilia. Kisha akafungasha.

Mumewe alimkuta mlangoni na begi, akakunja ngumi.

"Nani amekuruhusu?"

Alimpa karatasi.

Mume aliutazama mwandiko wake mwenyewe, mwekundu, akausoma mpaka mwisho. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu waoane, akampisha.