Maikrofoni Moja

Maikrofoni ilikuwa moja tu, nayo ya Saumu. Aliifunga kwa kamba kwenye mpini wa fagio, akausimamisha katikati ya sebule yake, akaegemeza magodoro ukutani ili sauti isirudi. Bendi nzima ikamsubiri awapange.

Ngwali, kiongozi na mwimbaji wao, alikuja kusimama mbele. Wiki iliyopita alitangaza redioni kwamba wimbo huu kautunga yeye. Saumu, aliyeutunga akimuuguza mama yake, aliyasikia hayo akipepeta mchele.

"Kaka Ngwali, sauti yako ina nguvu mno, itaifunika bendi. Rudi nyuma kidogo."

Ngwali akatabasamu, akarudi hadi mlangoni.

Wakajaribu. Saumu akavaa hedifoni, akatikisa kichwa. "Bado unawameza wenzako."

"Nifanyeje, dada? Ndivyo nilivyojaliwa."

Akarudi hadi kibarazani. Alipoambiwa bado, akashuka mwenyewe uani, kwenye kamba ya nguo, akiwapigia wenzake kelele wapige kwa nguvu ili awasikie.

Mpiga gitaa alimtazama Saumu, kisha akainamia nyuzi zake.

Saumu alibonyeza kitufe cha kurekodi, akausukuma mlango kwa kisigino mpaka ukajifunga, akaisogelea maikrofoni hadi midomo ikaigusa. Akaanza ubeti wa kwanza, ule wenye jina la marehemu mama yake.

Dirishani alionekana Ngwali kati ya mashuka yaliyoanikwa, macho kafumba, mkono kifuani, akiliita jina hilohilo kwa nguvu zake zote.