Jiwe la Kusagia

Kibanda kilikuwa cha mbao hadi sakafuni, na jiko la chuma lisingewashwa bila kuwekewa kitu chini. Mawe ya mtoni hupasuka yakipata moto. Bati lingeunguza mbao. Kitandani, mama yake alikuwa ameacha kutetemeka, na hilo lilimtisha Atuganile kuliko baridi yenyewe.

"Chukua jiwe langu la kusagia."

"Limelika katikati, mama. Jiko litaanguka."

"Basi ligeuze."

Atuganile hakusogea. Kwao, jiwe la mwanamke hugeuzwa siku ile tu anayozikwa.

"Mwanangu, sisikii tena miguu yangu. Geuza."

Aliliinua kwa mikono miwili. Unga uliobaki ukamwagika miguuni pake, na mama akageukia ukutani asilione likilazwa kifudifudi.